Mawe ya Haji Metwali

Kafr Abu Sanad, karibu na Mansura
9 Oktoba 2002

Mdogo wangu Nashwa,

Pokea salamu za kila mwenye pumzi katika nyumba hii. Sisi wazima, wasiwasi wetu ni wewe na baridi ya huko Japani. Mpunga tumeshavuna, na moshi wa watu wanaochoma mabua umetuziba pua mwezi mzima. Nyati wetu wa maziwa amezaa ndama jike. Wagdi ameongezewa madarasa shuleni, sasa anajiita mwalimu mkuu, ingawa mwalimu mkuu mwenyewe hana habari. Posa yake kwa Samah imekubaliwa, wanangoja tu ghorofa ya juu ipakwe rangi.

Baba anakusalimu. Bado anaonyesha wageni yale mawe yake. Unakumbuka mwaka jana alipokatwa uvimbe kwenye ini, tukamwambia ni mawe ya nyongo, na ndugu yako Wagdi akaenda kumbembeleza mgonjwa wa kitanda cha jirani ampe mawe yake halisi? Kichupa kiko juu ya televisheni mpaka leo. Juzi imamu alikuja kunywa chai, baba akakitikisa sikioni mwake: "Sikiliza! Haya nimeyabeba mimi miaka ishirini sijasema kitu. Mwanamke anabeba miezi tisa tu, kelele mtaa mzima!" Wagdi ilibidi atoke nje akacheke.

Sasa nisikilize. Ule ugonjwa mbaya umerudi. Daktari ameuona kwenye picha, upande uleule, na ini lenyewe limechakaa tangu zile sindano za kichocho walizochomwa yeye na wenzake utotoni, sindano moja kwa watoto wa kijiji kizima. Anasema hakuna la kufanya ila kubadilisha ini. Wagdi amepimwa na damu zao zinapatana. Atatoa nusu ya lake. Baba tumemwambia ini limechoka kwa ajili ya mawe, basi.

Ndiyo maana nakuandikia. Ukipiga simu usiulize neno lolote, maana simu iko kando ya kitanda chake na masikio yake ni mazima kuliko yangu.

Mwenzako Dokta Esmat anarudi huko wiki ijayo, nimempa kile kipande cha nta chenye nyama ya uvimbe aliokatwa baba mwaka jana. Hospitali walitupa tukitunze wenyewe, kama wanavyowapa wagonjwa wote, nacho kimekaa kabatini pamoja na hati ya shamba. Wewe unasomea jambo hilihili. Kitazame, utuambie kama ini la Wagdi litakaa salama ndani ya baba. Madaktari watakutana kuamua baada ya Ramadhani.

Dada yako,
Inshirah


Kanazawa
14 Novemba 2002

Dada yangu Inshirah,

Ramadhani njema kwako, kwa baba na kwa Wagdi. Mimi nafuturu peke yangu maabara kwa tende ulizonitumia. Profesa wangu ameona sinywi hata maji, amenionea huruma, basi kila mchana ananiwekea chokoleti mezani. Jioni ninazo za kutosha kufungua duka. Mvua ya huku imeshaanza kuchanganyika na theluji, na mchele wao unanata, ungeuona ungesema nimeuharibu mimi.

Mpongeze Wagdi. Mwambie nimefurahi mno, na nauliza ghorofa inapakwa rangi gani.

Kipande cha nta kimefika salama. Nimekikata na kukipaka rangi zetu, lakini rangi haikukaa vizuri. Nitarudia. Kazi hizi zina usumbufu, mara dawa ni kuukuu, mara maji yana joto. Msiharakishe. Halafu nimewaza, kwa nini Wagdi asioe kwanza? Mtu akitolewa nusu ya ini anahitaji miezi ya kupumzika, naye atataka mke wa kumwangalia. Fanyeni harusi Idi hii. Hospitali haina miguu, haitakimbia.

Mbusu baba kichwani kwa niaba yangu.

Nashwa


Kafr Abu Sanad
20 Desemba 2002

Nashwa,

Idi ilipita vizuri, biskuti zilitoka ngumu, baba alizila zote akisifu meno yake. Huo ndio mwisho wa salamu.

Mimi ndiye niliyekulea tangu mama alipotutoka. Ulipovunja birika lake la kauri ulikuja kuniuliza kwanza kuku wametaga mayai mangapi. Leo umeniletea mchele, chokoleti na rangi ya ghorofa. Tangu lini wewe unajali harusi ya mtu? Umeona kitu. Sema.

Na useme upesi, maana madaktari wamekubali. Baba na Wagdi watapasuliwa Kairo, wiki moja baada ya Idi kubwa. Baba hakukubali kirahisi. Nilikuwa nachambua majani ya mulukhiya chumbani kwake nikawasikia.

"We Wagdi, nikiwekewa ini lako si nitaanza kunywa ile kahawa yako chungu?"

"Kahawa si kitu, baba. Naogopa utaanza kumpenda Samah."

"Mjinga wewe. Nimeshampenda, ndiyo maana namwonea huruma." Walicheka wote, kisha baba akasema, "Nisikilize vizuri. Ingekuwa ule ugonjwa mbaya, wallahi nisingekubali wakuguse hata ukucha. Mtu hachomi nyumba nzima kuokoa mlango. Lakini mawe ni mawe. Daktari akisema ini likibadilishwa nitapona, basi nitapona nikulipe kwa kukulelea watoto."

Wagdi akajibu, "Mawe ni mawe, baba," na kunitazama mimi. Majani yalinitoka mikononi.

Inshirah


Kanazawa
8 Januari 2003

Dada Inshirah,

Nimekaa na barua yako siku nyingi kuliko inavyostahili. Nisalimie wote. Theluji imefika kwenye dirisha, na mimi sioni kitu kingine chochote siku hizi.

Rangi ilikaa vizuri tangu mara ya kwanza.

Nakueleza kama ningemweleza mtu yeyote, ili usiseme nimejificha nyuma ya elimu. Seli za ini hushikana, kila moja imemkumbatia jirani yake, na hakuna inayohama. Hata seli za saratani mwanzoni hukaa pamoja. Lakini kuna protini moja, huku tunaiita kwa herufi na namba tu. Ikizidi ndani ya seli, ile seli inaachia mikono ya wenzake. Inayeyusha ukuta ulio mbele yake, inaingia kwenye mshipa na kwenda na damu mpaka ipate pa kushukia. Ndiyo kazi yangu ya miaka hii yote. Panya niliyempa seli zenye protini hiyo kwa wingi, mapafu yake hujaa. Nikiizima protini, uvimbe unabaki palepale nilipoupanda. Kwenye vioo vyetu vya darubini, pasipo na protini pana rangi ya buluu, palipo nayo panageuka kahawia.

Kipande cha baba ni kahawia. Ukingoni ni kahawia kabisa, na kwenye mshipa mmoja mdogo nimeona fungu la seli limeshaingia ndani. Na hiyo ni nyama ya mwaka jana, dada. Naamini zilizotoka zilishatoka kabla ya ule uvimbe kukatwa, na sasa ziko njiani mahali fulani katika mwili wake. Mkimwekea ini la Wagdi mtakuwa mmezitandikia kitanda kipya. Tena atapewa dawa za kuuzuia mwili usilikatae ini la mtu mwingine, na dawa hizo huwalaza walinzi wote.

Nilimwonyesha profesa bila kumwambia ni nyama ya nani. Alisema hiki ni kitu cha utafiti, bado si kipimo cha kumhukumu mgonjwa, na wapo wachache wenye rangi hiyo ambao ugonjwa haukuwarudia. Ni kweli wapo. Kwa ajili ya hao wachache nilikuandikia habari za mchele. Niliogopa kuwa mimi ndiye niliyemnyima baba maisha, na niliogopa pia kuwa mimi ndiye niliyenyamaza Wagdi akapasuliwa bure.

Ninachoomba ni kimoja. Mwambieni baba. Uiteni saratani, kwa jina lake, mbele yake. Yeye mwenyewe ameshawaambia angefanya nini. Mna haki gani ya kumpa ini la mwanawe kwa uongo wa kichupa cha mawe? Msomee barua hii yote, hata ukilia katikati.

Nakusihi, dada.

Nashwa


Kafr Abu Sanad
6 Machi 2003

Mdogo wangu mpendwa Nashwa,

Salamu nyingi sana. Barua yako ilifika. Baba amepasuliwa na Mungu amesaidia, bado yuko Kairo kwenye chumba cha peke yake, tunamwona kupitia kioo. Macho yake yalikuwa ya manjano, sasa ni meupe. Anakula. Ameomba nyama ya bata, wauguzi wamemcheka.

Wote wanakusalimu. Samah anakusalimu, imamu anakusalimu, majirani wote wanakusalimu, hata ndama amekua na kama angejua kuandika angekusalimu. Wewe shughulika na mtihani wako wa mwisho, usiwaze kitu. Usipige simu mpaka nikuambie, nyumbani hakuna mtu.

Dada yako,
Inshirah


Kanazawa
20 Aprili 2003

Dada,

Sikusalimu, utanisamehe. Katika barua yako umenipa salamu za ndama na za imamu, lakini hukunipa za Wagdi. Niliisoma mpaka karatasi ikalegea.

Juzi nilishindwa kuvumilia nikapiga simu nyumbani. Baba akaipokea mwenyewe. Sauti yake ilikuwa na nguvu, mimi nikaanza kulia kwa furaha, naye akanikatiza.

"Usilie, wewe msichana, huku tunalipa kwa dakika!"

"Ninayelipa ni mimi, baba."

"Basi lia. Hebu niambie, mwenzio amefika salama? Anakula? Mwambie nimekasirika. Mtu anakupa nusu ya ini halafu anaondoka kwenda Japani bila kuaga, hiyo ni adabu gani? Mpe simu niongee naye."

Dada, nilisema, "Ametoka, baba. Amekwenda kununua mkate." Sijui ulimi wangu uliyapata wapi maneno hayo. Sikujua ninadanganya nini. Baba akasema, "Mkate? Huko nako kuna mkate?" na nikamsikia amefurahi.

Wagdi yuko wapi?

Nashwa


Kafr Abu Sanad
12 Mei 2003

Nashwa, mwanangu niliyekulea,

Nimeiandika barua hii mara nyingi na kuichana. Wagdi amekufa, Mungu amrehemu. Alikufa siku chache baada ya kupasuliwa, wakati baba bado amelala kwenye mashine. Alikuwa ameamka, ameongea, ametuomba kahawa. Kisha akashika kifua. Wakasema damu iliganda mguuni ikapanda mapafuni, jambo ambalo huwapata wachache. Wachache wako wewe walikuwa wa kupona. Wachache wetu sisi walikuwa hawa.

Usidhani niliificha barua yako. Nilipanda nayo ghorofani siku ileile. Alikuwa anapaka rangi chumba chao, rangi ya pichi aliyoitaka Samah, amejaa madoa mpaka kwenye kope. Nilimsomea kila neno. Aliniambia nirudie pale pa ile seli inayoachia mikono. Halafu akasema, "Mwambie Nashwa hiyo protini yake haijawahi kukutana na ini langu."

Nikamwambia, "Acha mzaha, Wagdi. Anasema ni bure."

"Amesema wengi. Hakusema wote. Yeye ana panya wake, mimi nina baba yangu. Ikiwa ni mwaka, basi mwaka. Ikiwa ni miezi, atacheza kwenye harusi yangu, inanitosha."

"Na kumwambia?"

Alinigeukia na ile burashi kana kwamba angenipaka usoni. "Ukimwambia atakataa, na akikataa nitamzika huku ninazo nyama za kumponya tumboni mwangu. Utaniomba niishi hivyo? Ukimwambia, mimi si ndugu yako." Nikaikunja barua, sikumsomea baba. Ningefanya nini? Naye alikuwa mtu mzima, mwenye mchumba na akili zake. Wewe kule mbali ulitaka mzee achague. Huku kijana alikuwa ameshachagua.

Wagdi tulimzika wakati baba bado hana fahamu. Hema la matanga tuliliweka kwa mjomba, kijiji cha pili, ili baba akirudi asikute hata alama ya kamba uani. Alipofumbua macho neno la kwanza lilikuwa Wagdi. Lililonijia ni wewe. Nikasema amepata kazi ya kufundisha huko kwako, ndege haikumngoja. Alinuna wiki nzima, sasa anajivuna nayo. Kijiji chote kinajua na hakuna aliyefungua mdomo, hata watoto. Wakikutana naye wanamuuliza, "Haji, Wagdi hajambo Japani?" Samah huja kila Ijumaa. Hupitia mlango wa nyuma, anavua nguo zake nyeusi jikoni, anavaa gauni langu la maua, ndipo anaingia kumsalimu. Akitoka anavaa tena nyeusi. Mimi nafanya hivyo kila siku, mara nyingi kuliko ninavyoswali.

Nilipanga kukuambia baada ya mtihani wako. Ndivyo tunavyofanya kwa mtu aliye ugenini, wewe mwenyewe unajua. Wewe ndiwe uliyesema kwenye simu amekwenda kununua mkate.

Kuna jingine. Wiki iliyopita walimpiga picha. Ini la Wagdi lina madoadoa, na mapafu pia yanayo. Daktari aliniita pembeni akaanza kunizunguka, nikamwambia asijisumbue, hayo nimeshaandikiwa tangu Januari. Protini yako imesema kweli. Umefurahi? Hapana, lifute hilo neno. Nalifuta mimi, lakini wino umeshakauka.

Baba hajui. Anachoka mapema, anasema ni joto. Akikaa anapapasa lile kovu na kuwaambia wageni, "Ini la Wagdi ni la kisasa. Halitengenezi mawe." Kichupa amekishusha kwenye televisheni. Anataka nikutumie, umpe Wagdi awe nacho kama ukumbusho.

Usiniletee tena habari ya kumwambia ukweli. Ukweli ulikuwa na siku yake, nayo ilipita juu ghorofani. Ninachotaka ni barua kutoka kwake. Andika wewe. Baba hajui kusoma, nitamsomea mimi, ila anataka kuishika mkononi na kutazama stempu. Kila mtumishi wa posta akipita na baiskeli anainuka kwenye kiti, na kuinuka kwenyewe sasa ni kazi. Sijui kama ataiona miezi ya mpunga.

Fanya haraka.

Inshirah


Kanazawa
3 Juni 2003

Dada Inshirah,

Barua ni hiyo hapo chini. Ilinichukua muda kwa sababu nilikuwa nalia, na kwa sababu sikutaka kuiandika. Nilikuwa na nyingine, ya kumwambia baba kila kitu, na hiyo niliikamilisha kwanza. Nimeichoma kwenye sinki la maabara.

Leo profesa ameandika kipande cha baba miongoni mwa wale ambao ugonjwa uliwarudia. Akanishukuru kwa kufuatilia habari za mgonjwa, maana wengi hupotea. Nikasema asante.

Msomee polepole, kwa sauti ya Wagdi ukiweza.


Kwa Baba yangu, Haji Metwali,

Salamu zangu zikukute umekaa pale dirishani, miguu juu ya stuli, unamgombeza mtu. Mimi ni mzima kabisa. Nisamehe kwa kuondoka bila kuaga. Ningekuaga ungelia, nami ningelia, na Dada Inshirah angetufokea wote wawili kwa kulowesha mashuka.

Kazi ni nzuri. Wanafunzi wa huku wanasimama nikiingia darasani, mara ya kwanza nilidhani wanataka kukimbia. Mkate upo, ila ni laini mno, ukiubana unabaki na alama za vidole vyako. Nashwa ananipikia mulukhiya ya pakiti, anataka niisifu. Mimi naisifu, maana sina pa kwenda. Kahawa ninayo.

Kichupa usinitumie. Watu wa forodha watauliza ni nini na mimi sitajua pa kuanzia. Kirudishe juu ya televisheni, ila tafadhali usikitikise mbele ya watu wanaokula.

Nimesikia siku hizi unachoka. Joto la huko nalijua, usilipe nafasi. Na ini likikusumbua usigombane nalo, hilo ni kaidi kama mwenyewe. Weka tu mkono pale kwenye kovu, ukae nalo kidogo, ulisimulie habari za siku nzima, za ndama na za imamu. Ukifanya hivyo mimi nitakuwa nimesikia. Siko mbali nawe, baba, kama watu wanavyokuambia.

Mwanao,
Wagdi